Jeni Ileile, Mazingira Tofauti: Ikolojia na Jenetiki Zinapokutana

Wanafunzi wengi wa biolojia husoma jenetiki muhula mmoja na ikolojia muhula mwingine, kisha hufunga daftari wakidhani hizo ni mada mbili zisizojuana. Ukweli ni kwamba zote mbili zinachunguza kitu kimoja: populesheni, yaani kundi la viumbe wa spishi moja wanaoishi eneo moja na kuzaliana wao kwa wao. Mwanaikolojia huuliza kundi hilo lina ukubwa gani, linakula nini, linaliwa na nani, na kipi kinalizuia kuongezeka. Mwanajenetiki huuliza ndani yake mna aleli zipi, yaani sura zipi za jeni, na kwa kiwango gani. Jibu la mmoja hubadilisha jibu la mwenzake.

Jeni ni kipande cha DNA, au vinasaba, chenye maelekezo ambayo mara nyingi ni ya kutengeneza protini fulani. Jeni moja inaweza kuwa na sura kadhaa, na kila sura ndiyo tunayoiita aleli. Kwa jeni zetu nyingi, tunapokea nakala moja kwa mama na nyingine kwa baba. Mtawa Gregor Mendel wa Brno alifikia msingi wa wazo hili kwa kupandisha njegere na kuhesabu, bila kujua lolote kuhusu DNA. Katika kizazi cha pili cha machotara wake alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, karibu tatu kwa moja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1866, yakakaa bila kutiliwa maanani hadi 1900.

Hapa huzaliwa kosa ambalo sisi wasahihishaji tumelizoea: mwanafunzi huandika kwamba aleli inayotawala lazima ienee kuliko ile iliyojificha. Sivyo. Kutawala kunaeleza tu kipi kitaonekana aleli mbili tofauti zikikutana katika mwili mmoja. Aina nyingi za vidole vya ziada hutokana na aleli inayotawala, lakini tazama mikono ya watu walio karibu nawe. Mwaka 1908, mwanahisabati G. H. Hardy na daktari Wilhelm Weinberg, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba kundi likiwa kubwa, likizaliana kwa nasibu, bila uhamiaji, bila mabadiliko mapya ya jeni na bila uteuzi wa asili (yaani wenye sifa fulani kunusurika na kuzaa kuliko wengine), viwango vya aleli hubaki vilevile kizazi hadi kizazi. Ukitaka kujua kwa nini aleli imeongezeka au imepungua, basi, tafuta ni sharti lipi kati ya hayo limevunjwa. Mara nyingi utalikuta nje, kwenye mazingira.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Herufi moja tu ya DNA ikibadilika katika jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, iliyo kwenye kromosomu ya 11, protini hupata asidi amino ya valini mahali palipostahili asidi glutamiki. Mwenye aleli mbili za namna hiyo (SS) huugua: chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu oksijeni inapopungua. Mwenye moja pamoja na aleli moja ya kawaida (AS) kwa kawaida haugui, na zaidi ya hapo ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali inayoletwa na kimelea Plasmodium falciparum. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alichapisha ushahidi wa uhusiano huo. Tayari alikuwa ameona nchini Kenya kwamba aleli hiyo ilikuwa ya kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na adimu kwenye nyanda za juu.

Kwa nini mwinuko uhusike na damu ya mtu? Kwa sababu kimelea hukua ndani ya mbu, na kasi ya kukua kwake hufuata joto. Penye baridi, chini ya nyuzi joto 18 hivi, hukua polepole mno kiasi kwamba mbu wengi hufa kabla hawajaweza kuambukiza. Pasipo malaria, aleli S hubaki na hasara tu. Penye malaria, wenye AS hunusurika kuliko wenye AA na wenye SS, na kwa hiyo uteuzi hauiondoi aleli hiyo wala hauiachi ienee kwa wote.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukulie kundi ambalo aleli S ni 0.1 na A ni 0.9. Wakati wa kutungwa mimba, SS ni 0.1 × 0.1, sawa na asilimia 1. AS ni 2 × 0.9 × 0.1, asilimia 18. Waliobaki, asilimia 81, ni AA. Kwa kila mgonjwa mmoja wanakuwapo wabebaji (wenye AS) 18 walio wazima. Wabebaji wawili wakioana, uwezekano wa mtoto kuwa SS ni robo katika kila mimba. Mtoto wa kwanza akizaliwa SS, wa pili bado anakabiliwa na robo ileile.

Sharti la ukubwa wa kundi nalo huvunjika, na hapo bahati tu hutosha. Mwaka 1962 mlipuko wa nzi wanaouma uliwapunguza simba wa Kreta ya Ngorongoro hadi takriban 10. Aleli walizokuwa nazo waliokufa peke yao zilipotea pamoja nao, ziwe nzuri au mbaya. Idadi ya simba ilipanda tena baadaye, lakini uanuwai wa jeni zao ulibaki mdogo kuliko wa simba wa Serengeti, kwa kuwa wageni wanaoingia kretani na kuzaa humo ni wachache. Kundi linaweza kuongezeka ndani ya miaka michache. Aleli zilizopotea hurudi kwa njia mbili tu, mabadiliko mapya ya jeni, ambayo hutokea kwa nadra sana, au dume kutoka nje atakayefaulu kuzaa.