Moshi wa kiangazi Tabora: msiisingizie ozoni

Kila ifikapo Juni, faili la malalamiko ya moshi katika ofisi yetu ya mazingira huanza kunenepa, na halipungui mpaka mvua za Novemba zishike. Mwaka huu limenenepa zaidi. Jirani kachoma taka usiku, mwenye shamba kaachia moto ukavuka njia, tanuri la mkaa limejengwa upande unakotoka upepo na watoto hawalali kwa kukohoa. Tumeona ni vyema tutoe elimu kwa umma kabla ya kufika kwenye hatua nyingine, ambazo nitazieleza mbele.

Tatizo ni kwamba kwenye mikutano ya mitaa, kabla hatujafika hata nusu ya maelezo, mzee mmoja huinua mkono na kusema: "Mtaalamu, mnatuonea. Joto hili linaletwa na ozoni kutoboka." Watu hupiga makofi. Hoja hii nimeisikia Kaliua, Sikonge na Manispaa, kwa maneno yale yale, na kwa heshima zote kwa wazee wetu, si kweli.

Ozoni ni gesi. Ile iliyo juu, kilomita 15 hadi 35 kutoka ardhini, kazi yake ni kuzuia mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi. Tundu linalozungumzwa liko juu ya Antaktika. Taarifa yake ilichapishwa 1985, na hujitokeza huko miezi ya Agosti hadi Novemba, pale baridi kali na jua linalorejea vinaposhirikiana na klorini ya gesi za majokofu ya zamani na makopo ya kupulizia. Juu ya Tabora halijawahi kuwepo. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizibana gesi hizo, Tanzania ikajiunga mwaka 1993, na tathmini ya kimataifa ya 2022 inakadiria kwamba tabaka la ozoni huko Antaktika litarudi katika hali ya 1980 ifikapo mwaka 2066 hivi, iwapo nchi zitaendelea kuutii mkataba. Yaani hilo ndilo tatizo la hewa ambalo dunia imelishughulikia vizuri kuliko mengine yote, na sisi ndilo tunalolitupia lawama.

Kinachowachanganya watu, nadhani, ni mwezi. Oktoba tundu liko wazi kule, na Oktoba Tabora tunaungua. Lakini mji wetu uko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la utosi hutupitia wiki ya kwanza ya Oktoba, na mawingu bado hayajaja. Ilikuwa hivyo tangu enzi za Mtemi Mirambo. Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza joto juu ya hilo joto la kawaida, na njia yake ni nyingine kabisa. (Kuhusu mionzi: ukanda wa tropiki una jua kali lenye mionzi hiyo mwaka mzima, tundu liwepo lisiwepo. Wenzetu wenye ualbino waendelee na kofia pana na mafuta ya kujikinga bila kusubiri habari za Antaktika.)

Hewa kavu tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, na agoni karibu asilimia 1. Joto linalotoka ardhini kurudi angani hupita katika gesi hizo tatu kana kwamba hazipo. Linanaswa na mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi na methani, jambo ambalo John Tyndall alilipima maabara mwaka 1859, kabla gari la kwanza la petroli halijatembea. Kaboni dayoksaidi ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa, na hapo huulizwa kitu kidogo hivyo kitafanya nini. Kabla ya enzi za viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni. Vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vilipoanza mwaka 1958 ilikuwa kama 315, na sasa imevuka 420. Ongezeko hilo linatokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na misitu.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo Tabora inapoingia. Kuni iliyokauka kabisa, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Tani moja ikiungua yote, ile nusu tani ya kaboni inajishika na oksijeni na kutoka ikiwa tani 1.8 hivi za kaboni dayoksaidi. Nilipolieleza hili Urambo mbele ya wakulima wa tumbaku, mmoja akasema nawaletea hesabu za kichawi: tani moja izae karibu mbili? Nikamwuliza msumari ukipata kutu uzito unazidi au unapungua. Aliwahi kuwa fundi baiskeli, akajibu mwenyewe kwamba unazidi, kisha akawageukia wenzake na kuwaeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Uzito wa ziada unatoka kwenye hewa: kila gramu 12 za kaboni hubeba gramu 32 za oksijeni.

Kwa hiyo kuni zinazoingia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku tangu Januari hadi Aprili zinatoka humo zikiwa gesi nzito kuliko zenyewe. Miti yetu ya myombo na mtundu ikikatwa vizuri na visiki visichomwe, huchipua tena na kuirudisha sehemu ya kaboni hiyo. Shamba likifyekwa moja kwa moja, hairudi. Tafadhali tuache ile habari ya kwamba tukikata miti "oksijeni itaisha". Oksijeni ni asilimia 21 na haitaisha kwa sababu ya Urambo. Msitu ni ghala la kaboni, kivuli cha vyanzo vya maji na malisho ya nyuki. Sababu hizo zinatosha.

Tanuri la mkaa la udongo lina ubaya wake peke yake. Kwa kuwa linanyimwa hewa makusudi, sehemu ya kaboni hutoka kama kaboni monoksaidi na methani, na methani kwa kipindi cha miaka 100 hunasa joto kama mara 28 ya kaboni dayoksaidi, kilo kwa kilo. Tena katika kila kilo 100 za kuni kavu, tanuri la kawaida mara nyingi halifikishi kilo 20 za mkaa. Kinachobaki ndicho kile moshi mweupe unaouona ukitoka kwenye matundu siku kadhaa mfululizo.

Sasa moshi wa mjini. Wengi wanaochoma taka usiku huniambia wanafanya hivyo kwa kuwahurumia majirani. Mnawaumiza zaidi. Usiku wa Juni hadi Agosti hakuna wingu. Ardhi inapoa haraka, hewa inayoigusa inapoa nayo, ya juu yake inabaki na joto. Ile baridi ya chini ni nzito, haipandi, na chochote ulichokichoma kinabaki humo. Toka nje alfajiri, utazame upande wa Ng'ambo au Kiloleni: moshi umetanda chini ya vilele vya miembe, umekatika juu kwa mstari ulionyooka, na hauondoki mpaka jua la saa tatu au saa nne. Moto wa saa mbili usiku unavutwa na mtoto anayekwenda shule asubuhi.

Na humo kwenye majivu tunakuta nini? Pampasi, chupa za plastiki, mifuko iliyopigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na mabaki ya nyaya za umeme zilizochomwa na vijana wanaotafuta shaba. Ganda la waya la plastiki aina ya PVC likiungua hutoa asidi ya haidrokloriki na sumu iitwayo dayoksini. Ukiukohoa moshi huo, ujue mwili wako unafanya kazi yake.

Jikoni ni habari ya kusikitisha zaidi. Mkaa uliokolea hauna moshi, ndiyo maana unaua. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kila kipindi cha baridi kuna familia inayoingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Kuweka beseni la maji kando ya jiko hakusaidii hata kidogo, gesi hii haiyeyuki humo kiasi cha maana. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikiwashika watu wawili kwa pamoja, tokeni nje wote, kisha hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Zile zinazoendelea kutujibu kwamba "mchakato unaendelea" zinajijua.

Hoja ya kwamba wachafuzi wakubwa ni nchi zenye viwanda ni ya haki, na Serikali huisema kwenye majukwaa ya kimataifa. Lakini moshi ulioko chumbani kwako haukutoka Ulaya.

Kuhusu utaratibu. Malalamiko huanzia kwa mwenyekiti au afisa mtendaji wa mtaa au kijiji, kwa maandishi. Andika tarehe, saa, mahali, kinachochomwa, upepo unaelekea wapi, na kama ni mara ya kwanza au tabia. Picha inasaidia, ugomvi hausaidii. Nakala iende kwa afisa mazingira wa halmashauri. Mkaguzi wa mazingira akithibitisha, mhusika hupewa amri ya maandishi yenye muda wa utekelezaji. Akikaidi, zipo njia mbili. Anaweza kukiri kosa kwa maandishi na kosa likafifilishwa, yaani akalipa faini bila kwenda mahakamani. Malipo hayo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali na kupata stakabadhi, na hayapokelewi mkononi na mtumishi yeyote. Asipokiri, jalada huenda mahakamani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kama ilivyotungwa, iliweka kwa makosa yasiyotajiwa adhabu mahususi faini isiyopungua shilingi 50,000 na isiyozidi milioni 50, au kifungo cha miezi mitatu hadi miaka saba, au vyote viwili. Sheria hufanyiwa marekebisho, hivyo viwango vya sasa viulizwe ofisini, msivichukue kwenye makundi ya simu. Kuchoma mapori bila kibali kunaangukia pia Sheria ya Misitu ya 2002, na kisingizio cha "nilikuwa nasafisha shamba, upepo ukauchukua" tumeshakisikia.

Mafundi wa majokofu nao nawakumbusha, kwa kuwa kwao ndiko ozoni inakohusika kweli. R-22, gesi ya majokofu na viyoyozi inayoharibu ozoni, inaondolewa hatua kwa hatua, na nchi zinazoendelea zina mpaka 2030 kufunga matumizi yake ya kawaida. Nyingine, R-134a, haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake hunasa joto kama kilo 1,400 za kaboni dayoksaidi. Kuikata paipu nyuma ya duka na kuiachia ivume mpaka iishe, kisha kujaza mpya, si ufundi. Gesi hukingwa kwenye mtungi.

Kulalamika hakulipiwi. Mtumishi akikuomba hela ya mafuta ya gari ili aje kukagua, andika cheo chake na tarehe kwenye barua ile ile, upande wa pili.