Mchoraji wa Punda na Dhana Potofu za Wateja Wake

Mwezi uliopita mteja mmoja aliyeuona mchoro wangu mtandaoni aliniandikia kwa heshima zote akiniomba nimchoree mwingine "kama huohuo" kwa nusu ya bei. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyekwisha kuchora punda kwa miaka mingi hahitaji tena kufikiri, kwamba mkono wake unakwenda wenyewe, na kwamba bei ya mchoro wa kwanza haiwezi kuwa bei ya mchoro wa mia. Sikumkasirikia, maana hakuwa wa kwanza wala wa kumi kuniambia hivyo. Nimechoka tu kuijibu hoja hiyo faraghani, ujumbe kwa ujumbe, na ndiyo maana leo ninaijibu hadharani pamoja na nyingine chache zinazofuatana nayo.

Ninaishi Lamu, ninachora punda tu, kwa rangi ya akriliki juu ya turubai, yaani kitambaa kizito cha kuchorea, na karibu kazi zangu zote huuzwa mtandaoni kwa watu ambao huenda nisionane nao kamwe.

"Punda ni punda, kwa hiyo mchoro wa pili ni nakala ya wa kwanza"

Dhana hii huniudhi kuliko zote, hasa inapotoka kwa watu waliopishana na punda kila siku ya maisha yao pasipo kumtazama. Sisi watu wa pwani tumemjua mnyama huyu kwa methali: asante ya punda ni mateke, na punda afe mzigo ufike. Ya kwanza inataja teke lake, ya pili inataja mzigo wake, na anayezitegemea hizo mbili hatajua hata mkia wake umekaaje.

Mkia wa punda unafanana na wa ng'ombe kuliko wa farasi: ni mwembamba, una nywele fupi, na kishungi kiko mwishoni tu. Nywele za shingoni ni fupi na zimesimama, wala hazimwangukii usoni. Kwato zake ni nyembamba na zimesimama wima zaidi, na kiunoni kwa kawaida ana pingili tano za uti wa mgongo, ilhali farasi huwa na sita, jambo linaloubadilisha mstari wa kiuno kwa namna ambayo jicho huitambua hata kama mdomo hauwezi kuieleza. Mchoraji anayemchora farasi kisha akamrefushia masikio amechora mnyama asiyekuwepo duniani, na picha za namna hiyo zimejaa mtandaoni.

Hayo ni yale yanayowahusu punda wote. Baada ya hapo ndipo kila mmoja anapoanza kuwa yeye. Punda wengi wana mstari mweusi unaotoka kwenye nywele za shingo hadi mkiani, na mwingine unaoukata mabegani kama msalaba; lakini urefu wa mkono wa msalaba huo, unene wake na jinsi unavyofifia mwishoni hutofautiana, na kwa punda mweusi huenda usiuone kabisa. Weupe unaozunguka macho na pua ni mpana kwa mmoja na ni mwembamba kwa mwingine, na wengine wana michirizi miguuni. Mimi huanza na mabega kabla ya uso, na huo ndio ushauri ninaompa kila kijana anayeniuliza, kwa sababu uso wa punda hupendeza upesi na humdanganya mchoraji kwamba kazi imekwisha.

Kisha kuna mzigo. Vichochoro vya mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni vyembamba mno kwa gari, na kwa hiyo mchanga, saruji, mawe ya matumbawe na maboriti ya mikoko vimekuwa vikibebwa na punda. Punda aliyebeba magunia ya mchanga huishusha shingo na kuzileta kwato za nyuma chini ya tumbo. Punda huyohuyo saa kumi na moja jioni, mzigo ukiwa umetuliwa, huuegemeza uzito wake kwenye mguu mmoja wa nyuma, na nyonga ya upande wa mguu uliopumzika hushuka. Ukiikosea nyonga hiyo kwa upana wa kidole kimoja, punda ataonekana kilema. Nimepoteza turubai kadhaa kwa kosa hilo moja, baadhi yake zikiwa zimebakisha kazi ya siku moja tu zikamilike.

Tatu ni mwanga. Katika kichochoro mwanga huingia kutoka juu, hugonga ukuta uliopakwa chokaa, kisha hurudi chini ya tumbo la punda, kiasi kwamba sehemu ambayo ungetarajia iwe ya giza kuliko zote huwa imeng'aa. Ufukoni adhuhuri hali hubadilika tena. Punda wa kijivu basi si wa kijivu: kivulini huelekea buluu, na karibu na ukuta wa jua huelekea manjano. Rangi hiyo siipati kutoka kwenye chupa ya kijivu wala kwa kuchanganya nyeusi na nyeupe, bali kwa buluu ya ultramarini na kahawia ya sienna iliyochomwa, nikikipima kipimo upya kwa kila mchoro. Mtu anayeniambia nimekwisha kumjua punda anapaswa kuniambia ni punda yupi, mwenye mzigo gani, katika saa ipi na mbele ya ukuta upi.

Wala si mimi niliyeanzisha jambo hili. George Stubbs, Mwingereza wa karne ya 18, alikaa kwa takriban miezi 18 huko Horkstow, Lincolnshire, akipasua mizoga ya farasi tabaka kwa tabaka na kuichora, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1766. Farasi wake aitwaye Whistlejacket, aliyechorwa yapata mwaka 1762 kwa ukubwa unaokaribia wa farasi halisi bila mandhari yoyote nyuma yake, yuko National Gallery mjini London. Stubbs aliendelea kuchora farasi hadi uzeeni, na hakuna anayesimama mbele ya mmoja wao akasema ni nakala ya mwingine. Mchina Qi Baishi, aliyefariki mwaka 1957, alichora kamba wa majini kwa miongo mingi na kuwafuga ndani ya bakuli ili awatazame. Na kadiri miaka ilivyopita alizidi kupunguza idadi ya miguu aliyowachorea. Kamba wake wa uzeeni wana miguu michache kuliko wa mwanzo, na bado ndio wanaoonekana kuogelea. Upungufu huo wa miguu uliwezekana kwa sababu alikuwa amekwisha kuichora yote mara nyingi mno, akajua ni ipi inayoweza kuachwa.

Sasa nirudi kwenye bei. Bei yangu hutokana na ukubwa wa turubai, gharama ya vifaa, na siku ninazozitumia. Mazoezi yameniondolea kusita, hayakuniondolea kazi: tabaka la rangi linahitaji kukauka leo kama lilivyohitaji nilipoanza, na jicho lililozoea huona makosa ambayo zamani lisingeyaona, kwa hiyo ninafuta na kurudia zaidi kuliko zamani. Mteja hamwambii daktari wa upasuaji ampunguzie kwa kuwa amekwisha kufanya upasuaji huo mara mia; humchagua kwa sababu hiyohiyo.

Na kuhusu ombi la mchoro "uleule", jibu langu ni hapana, hata kwa bei kamili. Aliyenunua mchoro wa kwanza alilipia kitu kilicho kimoja, na nikikirudia nimemdhulumu. Anayetaka picha ileile anunue chapa, yaani picha iliyopigwa vizuri na kuchapishwa kwenye karatasi nzito, yenye namba yake na jumla ya chapa zote zilizotolewa ikiwa imeandikwa pembeni. Chapa ni kitu halali kabisa mradi iitwe chapa.

"Hii ni Tingatinga"

Si Tingatinga, na ninaikana kwa heshima. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya vipande vya mbao bandia, na alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake na warithi wao wameuendeleza mtindo huo kwa pamoja, na kuazimana maumbo ni sehemu ya mapokeo yao. Kumwita kila mchoraji wa wanyama wa Afrika Mashariki kwa jina hilo ni kuwakosea wao kabla ya kunikosea mimi.

"Nilichokiona kwenye simu ndicho nitakachokipokea"

Skrini hutoa mwanga wake yenyewe. Mchoro hurudisha mwanga wa chumba ulimotundikwa. Simu iliyowekwa katika hali ya usiku huugeuza weupe wote kuwa wa manjano, na simu mbili zilizolazwa mezani bega kwa bega zitakuonyesha punda wawili wa rangi tofauti. Kwa upande wangu huupiga mchoro picha kivulini nje, mchana, kamera ikiwa sambamba na turubai, na huweka kadi ya kijivu pembeni ili kurekebisha rangi. Hata hivyo siwezi kuirekebisha simu ya mteja. Humtumia video fupi ya mchoro ukiwa karibu na dirisha, na huwa ninamwomba aitazame mchana.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, si la rangi bali la ukubwa. Kwenye simu mchoro wa sentimita 30 na wa sentimita 120 vinalingana, na watu hawasomi vipimo hata vikiandikwa kwa herufi nene. Ninamsihi kila mteja achukue magazeti ya zamani, ayaunganishe kwa gundi ya karatasi kwa vipimo nilivyomwandikia, ayabandike ukutani pale anapokusudia kuutundika mchoro, na ayaache hapo kwa siku mbili kabla ya kulipa. Wanaokubali kufanya hivyo hawanirudishii mchoro.

"Nimeununua mchoro, kwa hiyo naweza kuuchapisha kwenye fulana"

Kununua turubai ni kununua turubai. Hakimiliki ni kitu kingine, na chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haihamishwi kwa maneno ya mdomo wala kwa risiti ya M-Pesa, bali kwa maandishi. Hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Mteja anaweza kuutundika mchoro, kuuuza tena au kumrithisha mwanawe. Kuuchapisha kwenye fulana na vikombe kunahitaji ruhusa yangu, na mara nyingi huitoa kwa malipo ya wastani mtu akiniuliza mapema.

Hapa wachoraji wenzangu nao wana dhana potofu yao, ambayo ni hatari zaidi. Wengi huamini kwamba hakimiliki hubaki kwao daima. Kwa mchoro uliokwisha kuchorwa kisha ukauzwa, ni kweli. Kwa mchoro ulioagizwa na mteja, sheria hiyohiyo huichukulia hakimiliki kuwa imehamia kwa aliyeuagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo kila oda ninayoipokea huanza na ukurasa mmoja wa makubaliano unaosema hakimiliki inabaki kwa mchoraji, na siichovyi burashi kabla haujatiwa saini.

"Mchoro ukiviringishwa umeharibika"

Haujaharibika kama umeviringishwa ipasavyo: upande wenye rangi ukiwa nje, juu ya bomba pana, baada ya rangi kukauka kikamilifu. Mchoro wa akriliki huharibiwa na mambo mawili ambayo wateja hawayatarajii. La kwanza ni baridi, kwa kuwa akriliki hukakamaa na inaweza kupasuka ikinyooshwa hali ingali ya baridi. Anayepokea kifurushi Ulaya wakati wa majira ya baridi akiache ndani ya nyumba kwa siku nzima kabla ya kukifungua. La pili ni plastiki ya mapovu ikigusana na rangi moja kwa moja. Kwa joto letu la pwani akriliki hubaki na ulaini kidogo, na mapovu hayo huacha alama za duara ambazo haziondoki. Mteja mmoja alinirudishia mchoro aliokuwa ameuhamisha nyumba kwa nyumba akiwa ameufunga hivyo, na mgongo mzima wa punda ulikuwa umejaa vidoa vya duara. Tangu wakati huo hutanguliza karatasi ya kuokea, ile isiyogandana na kitu, ndipo plastiki ifuate juu yake.

Katika fomu ya posta huandika wazi kwamba ni mchoro uliofanywa wote kwa mkono. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa unaiweka michoro hiyo chini ya namba 9701, na nchi nyingi huitoza tofauti na mapambo ya viwandani, hivyo kuandika "zawadi" au "pambo" kwa nia ya kumsaidia mteja kunaweza kumgharimu zaidi. Ushuru ukiwepo hulipwa na anayepokea. Kwa sababu hiyo humwomba aulize forodha ya nchi yake kabla hajanitumia fedha.