Kujifunza maisha yote ni nini, na sabuni ya shangazi inahusikaje

Mtu mzima akishika daftari hapa Kigoma hakosi wa kumtania: "Umeanza ngumbaru?" Utani huo umetoka kwenye madarasa ya kisomo, yale ya kuwafundisha kusoma na kuandika waliokosa shule utotoni. Ndiyo maana wengi wakisikia "kujifunza maisha yote" hudhani ni ngumbaru iliyovalishwa suti. Sivyo. Ngumbaru huziba pengo la zamani; ukishajua kusoma, umemaliza. Huku kwingine hakuna kumaliza. Ni mtu, awe na digrii au aliishia darasa la saba, kuendelea kutafuta maarifa kwa hiari yake, kwa ajili ya kazi, afya au udadisi tu, awe darasani au asiwe. Fundi wa Kibirizi anayehangaika na injini ya boti asiyoizoea yumo. Mwalimu mstaafu anayesoma habari za nyota naye yumo, ingawa hazimpi hata senti.

Kilichobadilika ni kiingilio. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka vifaa vya masomo yake mtandaoni bure. Mwaka 2006 TED, mkutano ulioanza 1984, ukaanza kuweka hotuba zake mtandaoni, bure vilevile. Msemaji hupewa dakika zisizozidi 18. Mwaka 2007 mkutano wao mmoja ulifanyika Arusha, na hapo akapanda jukwaani William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyeacha shule kwa kukosa ada kisha akaunda kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Wanaoitazama hotuba ile husisimka, na wana haki. Ila yeye mwenyewe hakufika pale kwa kutazama hotuba. Alikuwa na kitabu cha maktaba, feni ya trekta na baiskeli mbovu.

Nalisema hilo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuchanganya kutazama na kujifunza, na aliyelipia ni shangazi yangu.

Shangazi anauza sabuni Ujiji. Aliniomba nimtafutie kwenye simu darasa la kutengeneza sabuni bora zaidi. Nikapata mama mmoja wa ng'ambo, video yake safi, muziki mzuri, jiko linang'aa. Nikanakili vipimo: kilo 1 ya mafuta, gramu 183 za kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Tukafuata kila hatua, hata ile ya kumimina kostiki kwenye maji na si maji kwenye kostiki. Sabuni ikaganda, rangi ya chungwa, ukiitazama unaitamani. Siku ya pili mikono ya shangazi ilikuwa inawaka, ngozi imechubuka kwenye vidole.

"Mwanangu, hiyo simu yako inadanganya."

Simu haikudanganya. Mama yule alitumia mafuta ya nazi, sisi tuliweka mawese. Kilo ya nazi huhitaji gramu 183 hizo. Kilo ya mawese hutosheka na kama 141. Gramu arobaini na ushee zikakosa mafuta ya kuungana nayo, zikabaki ndani ya sabuni zikisubiri mkono wa mtu. Tungetumia mafuta ya mise, yanayotoka kwenye kokwa ya chikichi lilelile, kasoro ingekuwa ndogo, kwa sababu yanaikaribia nazi, kama gramu 176. Tunda moja, mafuta mawili, vipimo viwili. Nani angejua?

Darasa lililotufundisha hilo lilikuwa baya kulitazama: mwalimu wa kemia, ubao, dakika arobaini, hakuna muziki. Lakini alieleza kwa nini. Sasa shangazi amenunua mizani, na kwa kilo ya mawese hupima gramu 134, maana ni heri yabaki mafuta kidogo, isibaki kostiki.

Jambo hili lina wazee wake hapa nchini. Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima; hoja yake, aliyoianza tangu 1964, ilikuwa kwamba watoto watachukua miaka mingi kabla ya kuinua uchumi, ilhali wazazi wao wanaamua mambo leo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio. Kipindi kikiisha husoma kijitabu, hubishana, kisha huenda kuchimba choo. Redio ile usingeweza kuirudisha nyuma, wala kuiuliza swali. Sisi tunaweza kurudisha mara kumi, lakini tunasikiliza kila mtu na vipokea sauti vyake masikioni, na hakuna wa kutuambia kwamba haya ni mawese, si nazi.

Neno "bure" nalo lina mkia: bando. Video ya saa moja yenye picha kali humaliza bando la siku kabla mwalimu hajafika kwenye hoja. Mimi hushusha ubora hadi 240, hupakua usiku, halafu tunarushiana kwa memori kadi. Kikwazo kigumu zaidi ni lugha, maana mengi ni Kiingereza na manukuu ya Kiswahili ni machache. Hivyo mimi ndiye mkalimani, na ninakiri kwamba kemia ya sabuni niliielewa siku nilipolazimika kumweleza shangazi. Nilizunguka weee, mpaka yeye akanikata: "Yaani kila mafuta yana tumbo lake la kostiki." Basi. Sijaona kitabu kilicholisema vizuri zaidi.

Jumapili jioni tunakuwa watano sita uani kwake. Simu tunaisimamisha ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue. Wiki iliyopita ilikuwa habari ya kukausha dagaa kwenye chanja badala ya mchangani, na hatukufika hata nusu ya video, kwa sababu jirani mmoja alikuwa kila mara anainua mkono: "Rudisha hapo. Amesema chanja iwe juu kiasi gani?"