Shiatsu kitandani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Shiatsu ya kitandani si shiatsu."
Shiatsu ni ukandaji wa Kijapani wa kugandamiza mwili kwa vidole; kitanda hapa ni kile cha kukandia. Jina lenyewe halitaji sakafu. Kwa Kijapani, *shi* ni kidole, *atsu* ni mgandamizo, basi. Wajapani waliizoea chini, juu ya godoro la futoni lililotandikwa kwenye mkeka wa tatami, kwa sababu ndiko walikolala. Lakini bibi mwenye magoti mabovu ukishamlaza chini, nani atamwinua?

"Kitandani ni lazima utumie nguvu za mikono."
Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, na mara nyingi kosa ni la urefu wa kitanda. Kitanda kikiwa juu, viwiko vinakunjika, mabega yanapanda masikioni, unaanza kusukuma kwa misuli. Jioni dole gumba linawaka moto. Mgandamizo wa shiatsu hutoka kwenye uzito wa mwili: mkono umenyooka bila kukakamaa, nyonga zinasogea mbele, uzito unashuka wima polepole.

Basi kishushe. Simama kando yake, mikono ining'inie, ukunje ngumi: godoro liwe usawa wa ngumi au chini zaidi. Mteja akilala ubavu, mwili wake unainuka, kwa hiyo shusha tena. Wakandaji wengine hupandisha goti moja kitandani, jambo zuri sana, ila vile vitanda vyepesi vya kukunja viulizwe kwanza vinabeba kilo ngapi. Hapo mko wawili juu yake.

"Utavuliwa nguo na kupakwa mafuta."
Huko ni kuchuliwa. Shiatsu hufanywa juu ya nguo nyepesi; kwenye mafuta kidole kingeteleza.

"Ni tiba ya maelfu ya miaka."
Mizizi yake, ukandaji wa jadi wa Kijapani uitwao *anma* na elimu ya tiba ya Kichina, ni ya kale kweli. Shiatsu yenyewe ni ya karne ya 20. Tokujiro Namikoshi, anayetajwa kuwa mwasisi wake, alifungua chuo chake Tokyo mwaka 1940, na leo Japani haikupi leseni bila angalau miaka mitatu ya masomo.

"Isipouma haifanyi kazi."
Mteja akibana pumzi, umezidisha, punguza. Na yuko mtu usiyemgandamiza kabisa hata akikuomba: mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu. Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma, huyo mpeleke kwa daktari, si kitandani.