Je, wajua kisamaki cha milimita 4 huonesha sukari inavyoharibu figo?

Muuza samaki wa Darajani ukimpelekea samaki pundamilia atakucheka. Ni kisamaki cha maji baridi kutoka Bara Hindi, hata akikomaa hafiki urefu wa kidole, wala hafai mchuzi. Maabara wanamtaka kwa vitoto vyake.

Kitoto cha siku 5 kina milimita 4 hivi na mwili angavu. Chini ya darubini unauona moyo ukidunda. Figo zake huanza kuchuja damu tangu siku ya pili. Sisi tuna vichujio kama milioni moja katika kila figo, yeye anavyo viwili tu, tena vimeungana. Vikiharibika, hakuna vingine vya kuufidia upungufu.

Kichujio hicho ni kama kifumbu cha tui: maji na vitu vidogo hupita, protini kubwa hubaki kwenye damu. Kimezungukwa na seli ziitwazo podosaiti, zenye vidole vinavyopishana na kuacha mianya myembamba mno. Sukari inapozidi, mwilini huzalika methilglioksali kwa wingi, kemikali inayong'ang'ania protini na kuziharibu. Vidole vile hubapa, utando chini yake hunenepa, na protini zikaanza kuvuja kwenye mkojo.

Watafiti huizima jeni ya pdx1, inayosaidia kujenga kongosho, kiungo kinachotoa insulini ya kushusha sukari. Insulini hupungua, sukari hupanda. Kisha hudunga kwenye damu dekstrani inayong'aa, yenye molekuli kubwa zisizopita kichujio kizima. Mwangaza ukififia haraka mishipani, kichujio kinavuja.

Kwa nini wasichukue changu wetu? Samaki wa baharini hupoteza maji mwilini, hivyo hunywa maji ya chumvi na kukojoa kidogo. Wa maji baridi yuko kinyume: maji humwingia kutwa kucha, na figo ndizo za kuyatoa. Zikishindwa, kitoto huvimba tumbo na kifua, wala huhitaji kipimo kuliona hilo.

Ila tusimpe sifa zisizo zake. Kitoto huchunguzwa kwa siku chache. Mgonjwa wa kisukari wa Wete au Mkoani huishi nacho miaka mingi, pengine na presha juu yake. Kwake dalili ya mwanzo ni albumini, protini ya damu, kidogo kwenye mkojo, isiyoumiza, na kijiti cha kawaida cha kupimia mkojo huweza kuikosa. Ndiyo maana mwenye kisukari cha aina ya 2 hupimwa albumini kila mwaka tangu anapogunduliwa.