Kujiweka uchi hadharani na kumvua mwenzako nguo: makosa mawili, adhabu mbili

Mwanamume anafungua zipu makusudi kwenye kituo cha matatu ili wapita njia wamwone. Makanga anamrarulia abiria sketi akidai ni fupi mno. Mitaani wote wawili huitwa watovu wa adabu, basi. Mbele ya hakimu wa Kenya, wa kwanza huenda akatoka na faini ndogo na wa pili akafungwa miaka kumi.

Tuanze na anayejianika mwenyewe. Kifungu kinachomkamata ni cha 182 cha Kanuni ya Adhabu, sheria kuu ya jinai ya Kenya, ambacho humo humo kinawahusu pia wanaozua fujo barabarani. Kinamtaja yeyote anayefanya tendo lisilo la adabu hadharani bila sababu halali. Kama kilivyoandikwa, adhabu ya kosa la kwanza ni kifungo cha mwezi mmoja, au faini isiyozidi shilingi 100, au vyote viwili. Akirudia, mwaka mmoja. Shilingi 100! Kanuni yenyewe ni ya mwaka 1930, na kiwango hicho kinaonekana kilisahaulika huko huko zamani.

Kifungu hakielezi tendo lisilo la adabu ni lipi, kwa hiyo hakimu hupima mazingira: palikuwa mahali pa watu? Mshtakiwa alikuwa na sababu? Na yule mgonjwa wa akili anayetembea uchi barabarani? Kama hakuwa na uwezo wa kuelewa alitendalo, kifungu cha 12 humwondolea wajibu wa jinai.

Hapa wengi huchanganya mambo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo ina kosa la tendo lisilo la adabu, lakini humo maana yake ni kumgusa mtu sehemu za siri, matiti au makalio, au kumwonyesha picha za ngono bila hiari yake. Aliyetendewa akiwa mtu mzima, adhabu hufika miaka mitano au faini ya shilingi 50,000. Akiwa mtoto, kifungo hakipungui miaka kumi.

Sasa yule makanga. Mwaka 2014 video za wanawake wakivuliwa nguo Nairobi zilisambaa, na Novemba 17 watu wakaandamana katikati ya jiji kudai mwanamke avae atakavyo. Mwezi uliofuata, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama iliongeza kifungu cha 251A kwenye Kanuni ya Adhabu: anayemvunjia mtu heshima makusudi kwa kumvua nguo kwa nguvu afungwe miaka isiyopungua kumi. Ni vizuri kusoma maneno hayo vizuri. Hayasemi mwanamke, yanasema mtu. Wala hayaulizi aliyevuliwa alikuwa amevaa nini. Hakuna sheria ya taifa Kenya inayofanya sketi fupi kuwa kosa, hivyo utetezi wa "alivaa vibaya" hauna pa kushika.

Waliomvua mwanamke ndani ya matatu Githurai Septemba 2014, kabla ya kifungu hicho kuwapo, walihukumiwa kifo Julai 2017. Wengi walidhani hiyo ndiyo adhabu ya kuvua mtu nguo. Sivyo: adhabu ya kifo ilitokana na wizi wa mabavu, kwa kuwa walimpora pia.

Turudi kwa anayejianika mwenyewe. Uingereza na Wales wao hupima nia yake. Sheria yao ya Makosa ya Kingono ya 2003 inataka ithibitishwe kwamba mtu alionyesha sehemu za siri makusudi, akikusudia aonwe na amtie mwingine hofu au fadhaa. Upeo ni miaka miwili. Anayeota jua uchi ufukweni bila nia hiyo hashikiki kwa kifungu hicho. Tangu Januari 31, 2024, kumtumia mtu picha ya sehemu za siri kwa simu nako ni kosa, kukiwa na nia ya kumtia hofu, fadhaa au aibu.

Kenya, upande wa simu, kuna Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2018. Kifungu cha 37 kinamlenga anayesambaza picha chafu au za faragha za mtu mwingine: faini hadi shilingi 200,000, au miaka miwili, au vyote. Kwa hiyo hata aliyesimama pembeni akirekodi mwenzake akivuliwa nguo, kisha akairusha video kwenye kundi la WhatsApp, anaweza kujikuta kizimbani kwa kosa lake mwenyewe.