Bigfoot: Nyayo Tele, Mfupa Hakuna

Wanafunzi wanaotembelea makumbusho yetu hawakosi kuuliza: yule jitu la manyoya la Marekani, Bigfoot, mbona hamna hata fuvu lake? Huwa nawaambia wameshagusa penyewe.

Simulizi za watu wa msituni wenye manyoya ni za kale kwa wenyeji wa pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani. Jina Sasquatch limetoholewa kutoka Kihalkomelem, lugha ya huko. Bigfoot, yaani "mguu mkubwa", ni jina la 1958. Mwaka huo dereva wa tingatinga, Jerry Crew, alikuta nyayo za sentimita 40 hivi kwenye barabara iliyokuwa ikichongwa Bluff Creek, California. Akamimina plasta, gazeti la Humboldt Times likamtangaza, na jina likashika. Mkandarasi wa barabara ile, Ray Wallace, alipofariki mwaka 2002, familia yake ilitoa hadharani miguu ya mbao ya kuchonga, ikisema ndiyo aliyopigia nyayo zile. Hapo hapo Bluff Creek, tarehe 20 Oktoba 1967, Roger Patterson na Bob Gimlin walipiga filamu isiyofika dakika moja. Wanaoamini wanaona misuli ikicheza, wanaokataa wanaona mtu ndani ya vazi. Miaka zaidi ya 50 ya kubishana imewaacha wote pale pale, na sioni filamu ile ikiamua lolote.

Nyayo zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Dubu mweusi anapotembea, mara nyingi mguu wa nyuma hukanyaga juu ya alama ya mguu wa mbele, na alama mbili zikiungana hutokea unyayo mmoja mrefu unaofanana sana na wa mtu. Ila hesabu vidole: vitano, kama vyetu, lakini kwa dubu kidole kikubwa kiko upande wa nje, pale ambapo sisi tuna kidole cha mwisho. Kwenye tope zuri utaliona hilo. Kwenye theluji inayoyeyuka vidole hufutika, unyayo hutanuka, na dubu anageuka jitu.

Nywele zina faida moja: zinapimika. Mwaka 1976 mtafutaji mmoja, Peter Byrne, aliwaomba FBI wampimie nywele 15 zilizoshikana na kipande cha ngozi. Jibu lilikuwa kwamba ni za mnyama wa jamii ya ayala, yule yule wa Zaburi. Mwaka 2014 Bryan Sykes, mtaalamu wa vinasaba wa Oxford, alichapisha matokeo ya nywele zilizodaiwa kuwa za Bigfoot, Yeti (jitu la manyoya la milima ya Himalaya) na wenzao. Sampuli 30 zilitoa vinasaba, na zote zilikuwa za viumbe tunaowajua: dubu, farasi, ng'ombe, nungunungu, na moja ya binadamu.

Msomaji atasema msitu ni mkubwa na mnyama anaweza kuwa mjanja. Basi tuje Rungwe, mlima wa kusini mwa Tanzania. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima mwoga aitwaye kipunji, na watafiti walisita kidogo, kwa sababu simulizi za huko zina wanyama wa kweli na wa kubuni pia. Lakini hawakuwapuuza. Walifuatilia, na mwishoni mwa 2003 wakamwona. Mwaka 2005 kipunji alitangazwa kisayansi kwa kutegemea picha, akawekwa kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya mangabei, aina ya kima. Kisha kipunji mmoja akafia kwenye mtego wa mkulima, shambani kwa mahindi. Mwili ule ukasahihisha picha: vinasaba vilionyesha undugu wa karibu zaidi na nyani wa jenasi Papio, wale wanaotembea ardhini kwa makundi, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Hesabu iliyotolewa baadaye ilikuwa kipunji 1,117 tu. Wachache kiasi hicho, na bado mmoja aliangukia mikononi mwa watu.

Kwa hiyo anayetaka kumtafuta Bigfoot kwa dhati asianze na kupiga mayowe usiku porini kama wafanyavyo wengine. Atege kamera kwa mpangilio, si pale tu zilipotoka habari. Aweke seng'enge za kunasia nywele, achote maji ya vijito kupima vinasaba vilivyomwagika humo. Mbwa wa kunusa vinyesi wangefaa sana, ila mbwa hufundishwa kwa kinyesi halisi, na hicho hatuna. Muhimu kuliko vyote, kabla ya kuingia msituni aandike: kamera ngapi, siku ngapi, na akikosa atakubali nini. Msako usioweza kushindwa ni matembezi.

Palikuwa na mvutano mwingine: akionekana, apigwe risasi? Wilaya ya Skamania, jimbo la Washington, ilipiga marufuku kumuua mwaka 1969, kwa faini ya hadi dola 10,000. Grover Krantz, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Washington State aliyeamini Bigfoot yupo, alisema waziwazi kwamba lazima mmoja auawe, maana bila mwili hakuna atakayesadiki. Kwa hoja hiyo ya mwili nilikuwa upande wake. Alifariki mwaka 2002 bila kuupata. Mifupa yake mwenyewe aliiachia Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ikawahi kuonyeshwa pamoja na ya mbwa wake.